Ward off, stave off, fend off, head off: utumie kipi unapoandika habari ya kuzuia janga

Ukitafuta vitenzi hivi vinne kwenye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, kila kimoja kitakupa karibu jibu lile lile: zuia, kinga, epusha. Jibu hilo si la uongo, ila halimfai mtu mwenye ripoti mbele yake anayetaka kujua kipi kati ya vinne kiingie kwenye sentensi. Mwanafunzi wa kidato cha sita, mwandishi wa habari anayepeleka taarifa nje ya nchi, afisa wa mradi anayewaandikia wafadhili, wote huishia kuokota kile kinachosikika vizuri. Sentensi inatoka safi kisarufi, lakini inasema jambo ambalo mwenyewe hakulikusudia: kwamba mgomo ulizuiwa ilhali ulikwishaanza, au kwamba mmea fulani unazuia ugonjwa ilhali watu wanaamini tu hivyo. Mimi nahariri maandishi ya namna hii kila siku, na naamini mambo haya yana uzito. Msomaji aliye mbali hana kingine cha kumwonyesha hali ilivyokuwa isipokuwa kitenzi ulichokiweka.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza maana. Uliza janga liko wapi. Halijafika? Liko njiani na bado kuna nafasi ya kulikatiza? Limeshakuvaa mwilini? Au ni la kuja tu, na unachofanya ni kulisogeza mbele? Ukishajibu hapo, kitenzi karibu kitajichagua chenyewe.

Tuchukue tukio moja. Desemba 2019 nzige wa jangwani waliingia kaskazini mwa Kenya, uvamizi mbaya kuliko wowote nchini humo kwa miaka 70. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, linakadiria kwamba kundi lililotanda kilomita moja ya mraba linaweza kula kwa siku chakula cha watu 35,000. Watu walitoka mashambani na madebe, sufuria na filimbi. Ndege zilirushwa kunyunyiza dawa, na waliokuwa ardhini wakawatafuta tunutu, yaani nzige wachanga wasioota mbawa.

Kwa Kiingereza, wakulima waliokuwa wakipiga madebe huku nzige wameshatua kwenye mtama waandikiwe hivi: "Farmers beat tins and blew whistles to fend off the swarm." Adui yupo, anaonekana, na watu wanamsukuma kwa mikono yao. Waliowanyunyizia dawa tunutu kabla hawajaruka walikuwa na lengo jingine, kukata kizazi cha pili kisitokee: "Crews sprayed the hoppers to head off a second wave." Wimbi la pili halipo bado, lakini kila mtu anajua litatokea wapi. Familia zilizopoteza malisho na mazao zikapewa unga na mafuta: "Food aid helped families stave off hunger." Njaa haikufutwa, ilirudishwa nyuma kwa wiki kadhaa. Na mtu aliyewasha moto wa moshi mzito pembeni mwa shamba lake kundi likiwa bado angani, akitumaini litapita, tungemwandikia hivi: "He lit smoky fires to ward off the swarm."

Sasa badilisha vitenzi hivyo mahali pao uone kinachotokea. Ukisema wakulima wenye madebe walikuwa wakijaribu "to head off the swarm", msomaji ataona watu waliotangulia mbele ya kundi na kuligeuza njia. Ukisema chakula cha msaada kilikuwa cha "to fend off hunger", si kosa, ila njaa imekuwa kama mtu anayekushambulia, na zile wiki chache zilizonunuliwa zimefichika. Na ukiandika kwamba dawa ya tunutu ilikuwa ya "to stave off a second wave", umekiri kimyakimya kwamba wimbi lenyewe litakuja tu, umelichelewesha. Mratibu wa kazi ile angekasirika kusoma hivyo, na angekuwa na haki.

Ward off, na tofauti yake na prevent

Kitenzi hiki nitakaa nacho zaidi, kwa sababu ndicho kinachoharibiwa zaidi katika maandishi yetu.

Asili yake ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya kulinda, kukaa zamu. Wodi ya hospitali imetoka humo humo: mahali watu wanapoangaliwa. Kwa hiyo "ward off" ina kinga ndani yake, kitu kilichowekwa kati yako na baya kabla baya halijakugusa. Ndiyo maana Waingereza hukitumia kwa hirizi na mashetani, kwa kijicho, kwa baridi, kwa mafua, kwa mbu. Mtoto aliyefungwa hirizi shingoni, nyumba iliyozindikwa, ubani uliofukizwa magharibi, vyote hivyo mwandishi wa Kiingereza atavieleza kwa "to ward off" na hatatafuta kitenzi kingine. Kinatumika pia kwa pigo: "She raised her arm to ward off the blow." Mkono umekuwa ngao.

Mfano mzuri wa kisasa uko Sagalla, karibu na Hifadhi ya Tsavo Mashariki. Wakulima wa huko wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya. Tembo akiusukuma waya usiku, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka, na tembo huwaogopa nyuki. "Beehive fences ward off elephants" ni sentensi iliyokaa sawasawa. Mizinga iko pale hata usiku ambao hakuna tembo. Haimfukuzi mtu, inalinda. Angeamka mkulima akatoka na tochi na kelele kumwondoa tembo aliyekwisha kuingia kwenye mahindi, tungerudi kwenye "fend off" au kwa urahisi tu "drive away".

Sasa lile jambo ambalo kamusi halitakuambia. "Ward off" hueleza nia kuliko matokeo. Ukiandika "People wear amulets to ward off evil", hujasema hirizi inafanya kazi wala haifanyi, umesema watu huivaa kwa ajili hiyo. "Prevent" haikupi nafasi hiyo. "Prevent" inasema jambo halikutokea kwa sababu ya hatua iliyochukuliwa, na anayekisema anapaswa kuwa na ushahidi. Ndiyo sababu matangazo ya vidonge na majani ya kila aina hupenda "ward off": "garlic helps ward off colds" inasikika kama ahadi ya kiafya, lakini ukiibana haishikiki.

Kwa hiyo unapoandika ya afya, kitenzi kiendane na unachokijua. Chandarua chenye dawa kimepimwa kwa miaka mingi na kinapunguza malaria, basi kiandikie "prevent" bila woga: "Treated nets prevent malaria." Moshi wa mwarobaini uliokuwa ukiwashwa na bibi, andika "ward off mosquitoes", kwa kuwa ndilo lililokusudiwa, bila kudai zaidi ya hapo. Nimeona ripoti za miradi zikifanya kinyume, chandarua kinapewa kitenzi legevu na majani yanapewa kitenzi kizito. Mwenye pesa akisoma huko aliko anapata picha iliyopinduka.

Kuna mpaka mwingine hapa, kati ya kukinga na kuponya, na historia ya kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, inauonyesha vizuri. Mwaka 1747, ndani ya meli ya kivita ya Uingereza HMS Salisbury, daktari James Lind aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wengine. Hapo usiandike "ward off" hata kidogo, maana watu walikuwa wagonjwa tayari: matunda yale "cured" wagonjwa. Mwaka 1795 jeshi la majini la Uingereza lilipokubali maji ya limau yawe sehemu ya posho ya mabaharia, wazima kwa wagonjwa, hapo ndipo sentensi ikageuka: "Sailors drank lemon juice to ward off scurvy." Tunda ni lile lile na ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mnywaji sasa hajaugua.

Kosa la Waswahili katika kitenzi hiki

Kosa hili linatoka kwenye lugha yetu yenyewe, kwa hiyo halioneshwi na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wengine. Sisi husema: kumkinga mtoto na malaria, Mungu atukinge na balaa, umwepushe na shari. Anayelindwa ndiye anayepokea kitendo, na baya linafuata nyuma ya "na". Mtu akihamisha muundo huo anaandika "Nets ward off children from malaria." Mwingereza akisoma hivyo anaelewa kwamba vyandarua vinawafukuza watoto. Nasema kweli, ndivyo inavyosomeka.

Kwenye vitenzi vyote vinne, linalopokea kitendo ni baya lenyewe: unaiward off malaria, unaistave off njaa, na mtoto hatajwi kabisa. Ukitaka mtoto awemo, acha vitenzi hivi na uchukue "protect": "Nets protect children from malaria." Ukishika hili moja utakuwa umeondoa nusu ya makosa ninayoyasahihisha.

Stave off: pale janga linapocheleweshwa

Fimbo, gongo, mkongojo: huko ndiko kitenzi hiki kilikotoka. Uingereza ya karne ya 17 ilikuwa na michezo ya kikatili ya kuwaachia mbwa dubu au fahali aliyefungwa, na watu walitumia magongo kuwarudisha nyuma mbwa. Michezo hiyo ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1835, kitenzi kikabaki. Ukimkumbuka yule mbwa anayepigwa gongo, anarudi nyuma hatua mbili, kisha anakuja tena, hutakosea matumizi ya "stave off". Adui yuko hai, na umepata nafasi ya kuvuta pumzi.

Katika hifadhi ya wanyama ya Ol Pejeta, karibu na Nanyuki nchini Kenya, kuna faru weupe wa kaskazini wawili, Najin na binti yake Fatu. Ni wa mwisho duniani. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa hapo hapo Machi 2018 akiwa na miaka 45, na hakuna kati ya hao majike wawili anayeweza kubeba mimba. Wanasayansi wanachukua mayai ya Fatu, wanayarutubisha maabara kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokwisha kufa, na mpango ni kuvipandikiza viinitete katika faru majike wa jamii ya kusini. Mwandishi anayesimulia kazi hiyo aandike: "Scientists are working to stave off extinction." Akiandika "to ward off extinction", msomaji atadhani kutoweka ni hatari iliyo mbali bado, kumbe tayari imekaa mlangoni. Akiandika "to head off extinction", amechelewa kwa miaka mingi, maana muda wa kuliwahi jambo hilo ulikuwa zamani, kabla majangili hawajawamaliza. Na "prevent" inawezekana, lakini inaahidi mwisho mwema ambao hakuna anayeweza kuuahidi leo. "Stave off" inabeba jitihada na hofu kwa pamoja.

Kiswahili tunacho kitu kinachokaribiana nacho sana: kuganga njaa. Mtu anayeganga njaa hajashiba na hajitapi kwamba ameshiba, amekula kitu kidogo ili siku isonge. Ndivyo "stave off" inavyofanya kazi kwa njaa, usingizi, madeni, kufilisika, kushindwa, uzee, na kwa timu inayopigana isishuke daraja: "They staved off relegation with a late goal."

Kuna kipimo kimoja ambacho huwapa watu ninaofanya nao kazi. Ongeza "for now" mwishoni mwa sentensi. Ikikaa bila kugombana na maana yako, "stave off" inakufaa: "The loan staved off bankruptcy for now." Ikigoma, kwa sababu unataka kusema jambo limekwisha kabisa, tafuta kingine.

Halafu matamshi na tahajia. "Stave" inatamkwa kwa sauti ya "save" na "gave". Midomo yetu huisogeza karibu na "starve", kufa njaa, na kwa kuwa mara nyingi inaambatana na "hunger", mkono unaandika "starve off hunger". Wenye lugha yao pia huteleza hapo, lakini kwenye ripoti ya chakula ni kosa baya, kwa sababu umeliingiza neno la kufa njaa mahali ulipotaka kusema watu wameokolewa nayo. Wakati uliopita ni "staved off". Umbo la "stove" ni la jambo jingine, la chombo kilichotobolewa ubavu.

Head off na call off: habari ya mgomo

"Head off" ni kutangulia mbele ya kitu kinachokwenda na kukigeuza njia. Wachungaji wa Marekani walikisema kwa ng'ombe. Leo husemwa zaidi kwa mambo ya watu: migomo, migogoro, kesi, uasi, lawama. Sharti lake ni moja na halina msamaha: jambo liwe halijaanza.

Madaktari wa hospitali za umma Kenya waligoma Desemba 2016, wakidai utekelezaji wa makubaliano yaliyosainiwa mwaka 2013. Mgomo ulidumu siku 100, hadi Machi 2017. Mazungumzo yaliyofanyika kabla ya mgomo yanaandikwa hivi: "Talks failed to head off the strike." Hapo kila kitu kiko mahali pake. Lakini mazungumzo ya Januari au Februari 2017, madaktari wakiwa barabarani, hayawezi tena kuitwa juhudi za "to head off the strike". Yalikuwa ya "to end the strike". Magazeti yetu ya Kiingereza huteleza hapa mara kwa mara, na msomaji wa baadaye anayetafuta tarehe anapotea.

Cha pili ni "call off", kinachofanana na "head off" kwa sauti na kukaa nacho kwenye habari zile zile. Tofauti ni nani anatenda. Mwajiri au serikali ndiyo inayoweza "head off" mgomo, kwa kutoa fedha, kwa kuita kikao, kwa kwenda mahakamani. Chama cha wafanyakazi ndicho kinachoweza "call off" mgomo, kwa kuwa ndicho kilichouitisha. "The union headed off the strike" ni sentensi ya ajabu, isipokuwa kama viongozi wa chama waliwazuia wanachama wao wenyewe, na kama hilo ndilo lililotokea basi ni habari kubwa na iandikwe wazi.

Ukiona "head off" bila jina la janga mbele yake, huenda ni kitenzi kingine chenye sura ile ile, cha kuondoka kwenda mahali: "We headed off to Tanga at dawn." Hakina uhusiano na kuzuia.

Fend off kwa ufupi

Simama gatini boti ikifunga. Kijana wa mbele ananyoosha mguu au upondo, anausukuma ukuta wa gati ili ubavu usigonge, na pale nguvu zake zisipotosha kuna matairi makuukuu yaliyoning'inizwa. Kwa Kiingereza cha mabaharia, anachofanya kijana ni "fending off", na yale matairi ni "fenders", neno ambalo mafundi wetu wa magari wanalo pia kama fenda. Mzizi wake ni "defend" iliyokatwa kichwa.

Basi ni hivyo: kitu kiko urefu wa mkono, na wewe unakisukuma. Waziri aliyezungukwa na waandishi "fended off questions". Kampuni ndogo "fended off" kubwa iliyotaka kuimeza. Bingwa anayefukuziwa kwenye msimamo wa ligi "fended off a challenge". Kwetu tungesema alipangua hoja, na inafaa sana, ila usiichukue kwa kipa. Kipa anayepangua shuti, Kiingereza cha mpira kinasema "saved" au "parried", na "fended off the shot" itasikika ngeni masikioni mwa mtu anayefuatilia mpira.

Usikichanganye na "fend for", ambacho hujaa kwenye ripoti za watoto: "orphans left to fend for themselves", yatima walioachwa wajitafutie wenyewe. Herufi tatu zinabadilika na habari yote inabadilika.

Nomino moja, vitenzi vinne

Wanaotaka kujipima wachukue "attack" na kuizungushia vitenzi vyote. "They fended off the attack": washambuliaji walifika, mkapigana, wakarudi. "They headed off the attack": mpango uligunduliwa mapema, hakuna risasi iliyolia. "They staved off the attack": mashambulizi yaliahirishwa, pengine kwa mazungumzo, na kila mtu bado anatazama upeo wa macho. "They warded off the attack" iko karibu na ya kwanza, lakini uzito uko kwenye ngao, ukuta na ulinzi, na ndiyo maana inafaa pia kwa maradhi: mtu mwenye pumu anayevuta dawa yake ya kila siku anafanya hivyo "to ward off an attack". Mtu huyo huyo akiwa ameshabanwa, hakuna kati ya vinne kinachomfaa. Anatibiwa.

Hapa ndipo "ward off" na "fend off" hugusana, na wenye lugha wenyewe hawaafikiani kila mara. Nikiwa na shaka huangalia mikono: ikiwa imeinuliwa kujifunika, naandika "ward off", ikiwa inasukuma, naandika "fend off".

Kisarufi vyote vinne vinafanana. Kiwakilishi hukaa katikati: "ward them off", "head it off", kamwe si "ward off them". Nomino inaweza kukaa katikati au mwisho, ila ikiwa ndefu iweke mwisho, la sivyo "off" itabaki imening'inia mbali na kitenzi chake. Katika kauli ya kutendwa, "was headed off", "was fended off" na "was staved off" ni za kawaida kabisa. "Was warded off" ipo, lakini haisikiki sana, kwa sababu kitenzi hicho hupenda kuanza na "to", kikieleza nia.

Pale ambapo usichague chochote kati ya hivi

Mtu akikuambia kwa mdomo kwamba amewasha dawa ya mbu, hatasema "to ward off mosquitoes". Atasema "to keep mosquitoes away". Vitenzi vinne vya juu ni vya maandishi na vya taarifa ya habari, isipokuwa "head off", ambacho husikika pia katika mazungumzo ya ofisini. Kwenye barua kwa rafiki, kwenye tangazo la kijiji, kwenye maelezo ya mgonjwa, "stop", "keep away" na "keep out" vinatosha na vinaeleweka kwa wengi zaidi. "Keep off" peke yake ni ya mabango, kama lile la majani ya bustani, na ukimwambia mtu hivyo unamwamuru asikanyage.

Na kuna "avoid", ambayo Waswahili tunaipenda kupita kiasi, kwa kuwa kuepuka na kuepusha zimekaa karibu kinywani. "We must avoid cholera from spreading" haipo. "Avoid" ni kukwepa jambo wewe mwenyewe: "avoid untreated water". Kulizuia lisitokee au lisienee ni "prevent" pamoja na "from": "prevent cholera from spreading". Hapo "ward off" haikusaidii, wala "stave off", wala nyingine. Kwa bango la zahanati litakalosomwa na mama mwenye mtoto mgongoni na foleni ndefu mbele yake, mimi ningeandika hivi: "Sleep under a treated net. It keeps mosquitoes away and helps prevent malaria."